Nani alipie taa ya njiani? Njia tano za kugharamia kitu cha wote

Daftari bado ninalo. Ni la kurasa 96, jalada limekatika kona, na ndani yake nilipiga mistari kwa rula: majina ya kaya upande wa kushoto, miezi juu. Nilipopewa uweka hazina wa kamati ya mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, tulikuwa tumekubaliana mkutanoni kwamba kila kaya itoe shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya taa sita za njiani na posho ya vijana wa ulinzi shirikishi. Kaya zilikuwa 62. Mwezi wa kwanza zililipa 49. Mwezi wa tatu, 31. Mwezi wa sita nilipiga tiki 17, na kati ya hizo tano zilikuwa za wanakamati wenyewe.

Hakuna hata mmoja aliyesema hataki taa. Jirani mmoja aliniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, nikilipa taa inawaka, nisipolipa inawaka. Sasa elfu mbili yangu inafanya kazi gani pale?" Usiku ule sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo, na ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwingine mwenye daftari kama langu, anayetakiwa achague njia ya kulipia taa, mlinzi, mfereji au barabara ya mtaa kabla watu hawajachoka.

Sukari ina dirisha, mwanga hauna

Nenda dukani kwa Mangi saa mbili usiku. Kuna dirisha la nondo, na katikati yake tundu la kupitishia mkono. Noti inaingia kwanza, ndipo kilo ya sukari inatoka. Asiye na hela anarudi nyumbani mikono mitupu, na sukari niliyoimaliza mimi haiwezi kukolea chai yako. Biashara imesimama juu ya mambo hayo mawili: muuzaji anaweza kumnyima asiyelipa, na kilichotumiwa na mmoja hakipo tena kwa mwenzake.

Taa ya njiani inayakosa yote mawili. Haimchagui anayepita chini yake, na wapite kumi, wapite mia, mwanga ni uleule. Mwaka 1954 mchumi wa Marekani Paul Samuelson aliiweka hoja hii katika hesabu, kwenye makala ya kurasa tatu tu. Vitu vya namna hii ndivyo wachumi wanaviita bidhaa za umma: ulinzi wa nchi, tahadhari ya kimbunga redioni, hewa safi, taa ya njiani. Ugumu wake ni kwamba kila mtu ana sababu ya kuficha anavyokihitaji kitu hicho, akitumaini wenzake watakilipia. Kiswahili kina neno la tabia hiyo, kudandia, na mdandiaji si lazima awe mtu mbaya. Jirani aliyeniuliza lile swali ndiye aliyekesha nasi siku tatu msibani. Alipiga hesabu yake, na kwa upande wake ilikuwa sahihi. Kaya nyingine zikapiga hesabu ileile, njia ikabaki giza.

Soko halikutunyima mwanga kabisa. Lilituuzia vipande. Taa za njiani zilipozimika, wenye uwezo walinunua taa za sola wakazitundika ndani ya ua, zikimulika gari na mlango wao. Wengine wakaongeza mbwa, na nyaya juu ya ukuta. Jioni moja nilitembea nikazihesabu taa hizo: 23 kwenye njia yetu peke yake. Katikati, wanapopita watoto wanaotoka tuisheni, giza totoro. Fedha za taa hizo 23 zingetosha kuziwasha zile sita kwa miaka. Wafanyabiashara waliotuuzia hawakukosea kitu, ila wao huuza kinachoweza kupita dirishani, na njia ya watu wote haipiti.

Ndiyo maana siku hizi mtu akianza na swali la "serikali au sekta binafsi?" huwa namwomba tuanzie nyuma kidogo. Dirisha liko wapi? Ni wapi asiyelipa anaweza kuzuiwa, na kumzuia kunagharimu kiasi gani?

Mfanyabiashara

Pale dirisha linapopatikana, mfanyabiashara ni njia nzuri. Kisima chenye bomba na ndoo ni mfano wa kila siku. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, ni mfano mkubwa: mkondo wa bahari wenyewe unafanya kazi ya nondo, na vibanda vya tozo vinatosha upande mmoja. Nairobi nayo, tangu 2022, ina barabara ya juu ya kilomita 27. Mwenye haraka hulipa akapanda, wengine hupita chini bila kulipa. Lakini barabara ya mtaa wako ina vichochoro ishirini vya kuingilia. Weka mkusanyaji kwenye kila kichochoro, mishahara itayameza mapato.

Kuna vitu pia vyenye dirisha zuri ambavyo bei huviharibu, na hapa kamati nyingi hupotea. Chukua chandarua. Kinakunjwa, kinawekwa kwenye rafu, kinauzwa kama shuka. Ila chandarua chenye dawa kinamuua mbu ambaye angekwenda kumuuma mtoto wa nyumba ya pili. Watafiti waliofanya kazi Asembo, magharibi mwa Kenya, walikuta kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilipata kinga zilipokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwenye nyumba zenye navyo. Mnunuzi analipia kitanda chake, faida inavuka ukuta. Yeye hawezi kuilipia faida ya jirani, na jirani haji na pesa.

Huko huko magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei mbalimbali kwenye kliniki za wajawazito, na matokeo yao yakachapishwa 2010. Chandarua kilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 katika kila mia. Na hawakuona dalili kwamba waliolipa walikitunza au kukitumia zaidi ya waliopewa bure. Tanzania ilianza Hati Punguzo mwaka 2004, mjamzito anapewa karatasi kliniki, anapunguziwa bei dukani. Miaka ya baadaye vyandarua vikagawiwa bure kaya kwa kaya. Ninayasema haya kwa sababu kwenye kila kikao hujitokeza mtu wa kusema "kitu cha bure hakithaminiwi". Kwa chandarua, hilo lilipimwa na halikuonekana.

Mchango wa hiari

Hii ndiyo njia tunayoikimbilia, na ndiyo iliyonipa daftari lenye nafasi tupu. Sitaki kuidharau. Kwa tukio moja linaloonekana, lenye mwanzo na mwisho, mchango una nguvu kubwa: msiba, kuezeka ofisi ya mtaa, kununua pampu. Majina yanasomwa hadharani, mtu anaona tofali lake. Kenya ilijenga shule nyingi za sekondari kwa harambee baada ya uhuru wa 1963, wazazi wakitoa kuku, mahindi na siku za kazi. Lakini mshahara wa mwalimu unarudi kila mwezi, na hapo ndipo shule nyingi za harambee ziliporudi kuitazama serikali.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Fedha za kununua nguzo na taa tulizipata kwa wiki mbili. Fedha za kuziwasha hatukuzipata kwa miezi sita. Nikipewa kamati tena, nitauliza kwanza kama gharama ni ya mara moja au ya kila mwezi. Ya mara moja, piteni na bakuli. Ya kila mwezi, tafuteni njia nyingine mapema, maana kila anayeacha kulipa humpa anayefuata sababu ya kuacha. Nilishuhudia hilo kwenye daftari: nyumba zilizoacha zilifuatana kwa mstari, kutoka kona ya msikiti hadi kisimani, kama moto unavyoshika ua wa makuti.

Tozo, na dirisha la kuazima

Mnara wa taa baharini ulikuwa mfano uliopendwa na wachumi: huwezi kumficha nahodha mwanga. Mwaka 1974 Ronald Coase akaonyesha kwamba Uingereza ilikuwa na minara ya watu binafsi kwa vizazi, ikilipiwa na meli. Wengine walilichukua hilo kama ushahidi kwamba soko linaweza lenyewe. Mimi nikitazama jinsi malipo yalivyopatikana naona jambo jingine. Haki ya kutoza ilitoka kwa Mfalme, na ada ilikusanywa bandarini na maofisa wa forodha. Kufikia 1836 sheria ilikuwa imeiweka minara yote ya Uingereza chini ya Trinity House, shirika la kusimamia minara ya taa. Mwanga haukuwa na dirisha, kwa hiyo waliazima la bandari.

Tunaishi na madirisha ya kuazima kila siku. Barabara haina nondo, lakini lita ya mafuta inayo, hivyo Tanzania na Kenya zote hukata tozo ya barabara kwenye mafuta. Anayeendesha zaidi analipa zaidi, na hakuna wa kusimama kichochoroni na kitabu cha risiti. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, hukatwa Tanzania kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia; ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kabla ya hapo kulikuwa na foleni na ankara ambazo wengi hawakuzigusa.

Faida ya njia hii ni kwamba udandiaji unakwisha. Kasoro yake naiona kwenye nyumba za kupanga. Anayenunua umeme ni mpangaji, kodi ni ya mwenye nyumba. Kwa utaratibu, mpangaji anastahili kurudishiwa kwenye pango. Mama mwenye chumba kimoja na sebule, ambaye mkataba wake ni wa mdomo, atamwambiaje mwenye nyumba wake? Dirisha la kuazima linakusanya vizuri, lakini angalia ni mkono wa nani unaoingia pale kwenye tundu.

Kasoro ya pili ni umbali. Fedha zikishakwenda juu, mtaa hauna namna ya kudai taa yake moja zaidi ya kuandika barua na kusubiri bajeti. Kwa kitu kikubwa, kama barabara kuu au kinga ya ugonjwa wa kuambukiza, ni lazima iwe hivyo. Ndui isingekwisha kwa mtaa mmoja mmoja. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na dunia ikatangaza ushindi 1980. Kwa kazi ya namna ile, kijiji kimoja kilichobaki nyuma kilitosha kurudisha kila kitu mwanzo, kwa hiyo mataifa yalilipa hata pale wenyeji wasipoweza. Kwa taa sita, njia hiyo ni ndefu mno.

Masharti ya wenyewe kwa wenyewe

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wanaotumia kitu pamoja wanaweza kukitunza bila kukiuza na bila kusubiri serikali, mradi masharti yao ni yao, kila mmoja anaonekana na mwenzake, na adhabu inaanza ndogo. Nilipomsoma nilifarijika, kisha nikajiuliza kwa nini sisi tulishindwa.

Jibu lilinijia nyumbani kwa wakwe zangu, Kilimanjaro. Kule kuna mifongo, mifereji ya kumwagilia migomba na kahawa iliyochimbwa na wazee kwa mamia ya miaka ikishuka kutoka mlimani. Siku ya kusafisha mfongo, watu wanatoka na majembe, na asiyetoka bila sababu anatozwa faini. Nilimuuliza baba mkwe mtu akikataa hata faini inakuwaje. Akanionyesha kwa jembe pale mfongo unapogawanyika, panapozibwa kwa mgomba na tope: "Zamu yake ikifika, tunaziba hapa." Hakuongeza neno.

Nikaufikiria mfereji wetu wa Dar es Salaam. Mfongo unaleta maji, mfereji wetu unaondoa. Kwenye mfongo unaweza kumnyima mtu zamu. Kwenye mfereji wa mvua huwezi kumnyima mtu kutofurika. Ukisafisha wewe wa juu na wa chini akajaza taka, maji yanakurudia wewe. Kwa macho vinafanana, kazi ya jembe ni ileile, lakini mmoja una dirisha na mwingine hauna. Ndiyo sababu sikubali tena kuambiwa kwamba watu wa mjini hawana umoja kama wa kijijini. Umoja wa kijijini umejengewa mahali pa kuziba.

Penye kukosa mahali pa kuziba maji, watu wametafuta kitu kingine cha kuzuia. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, asiyeshiriki alitengwa: hapewi moto, hasaidiwi msibani. Ni adhabu kali, na inaweza kumwangukia mtu asiye na kosa, kwa hiyo siipendekezi hivi hivi. Rwanda imechukua njia ya sheria: Umuganda, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, watu wazima wote hutoka kufanya kazi, na asiyetoka anaweza kupigwa faini. Kwa mfereji napenda malipo ya jasho kuliko ya fedha, kwa sababu kila mtu anamwona aliyekuja na koleo, na fukara ana mikono miwili sawa na tajiri. Anayepanda basi saa kumi na moja alfajiri hata Jumamosi apewe zamu ya jioni au atume mtu.

Yule anayenufaika zaidi

Njia ya tano niliigundua kwa bahati. Kati ya taa zetu sita, moja haikuwahi kuzimika. Iko mbele ya banda la dada wa chipsi. Anauza kuanzia magharibi hadi saa tano, na bila mwanga ule wateja hawasimami. Analipia umeme wa taa ile peke yake, na sisi sote tunadandia, na yeye hana kinyongo, maana faida yake mwenyewe inazidi gharama nzima. Tangu nione hilo, huwa natazama kwanza kama yuko mtu au biashara ambayo ingelipia kitu hata ikiwa peke yake: kituo cha bajaji, zahanati, mwenye fremu nyingi. Mpeni heshima yake, msimwongezee mchango mwingine juu, na msisahau kwamba akihama, mwanga unahama naye.

Tulivyochagua mara ya pili

Kamati ilipokaa upya tuliacha kuchangisha kila kitu kwenye kapu moja. Kila kitu kilitafutiwa njia yake.

Taa tulizipeleka kwa wanaonufaika zaidi. Tatu zina wenyewe sasa: dada wa chipsi, vijana wa bajaji na mwenye fremu za kona. Taa tatu zilizobaki tulizibadilisha kuwa za sola, kwa mchango wa mara moja, ili gharama ya kila mwezi isiwepo tena. Kama mtaa wako bado haujanunua taa, anzeni hapo hapo: geuzeni gharama ya mwezi kuwa ya siku moja, maana hiyo watu wanaitoa.

Takataka zina dirisha, gari linaweza kuruka nyumba isiyolipa. Lakini mfuko ulioachwa utaishia mfereji gani? Kwetu tulishindwa kumwachia mkandarasi atoze peke yake, tukawaomba wenye nyumba waingize ada ya taka kwenye pango. Wengi wamekubali. Wawili wamekataa, na mifuko ya wapangaji wao naijua kwa rangi.

Ulinzi ndio ulionisumbua zaidi. Kampuni ya walinzi ilikuja na bei nzuri kwa nyumba kumi zenye mageti. Niliipinga mkutanoni na bado naipinga: mwizi akikuta nyumba kumi zina mlinzi anahamia kwenye vyumba vya kupanga, na wale kumi waliokuwa na sauti ya kudai doria ya polisi wanakaa kimya. Tumebaki na ulinzi shirikishi. Kila nyumba inatoa mtu kwa zamu au inalipa wa kumshikia zamu, na ratiba imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, majina yakisomeka. Barua ya utambulisho ya mtaa anapewa kila mtu, hilo ni haki yake na hatukuligusa. Ila kabla ya kuandikiwa, mtendaji humwonyesha ratiba na kumuuliza zamu yake lini. Swali hilo limetoa watu wengi kuliko vikao vyangu vyote.

Mfereji tunausafisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa jasho. Mara ya kwanza walikuja watu 20, mara ya mwisho 44. Tunaanzia chini, kwa wale wanaofurika kwanza, tukipanda juu, ili wa juu wakute wenzao wameshachafuka. Mita zetu 300 ziko safi. Mwisho wake kuna kalavati linalopita chini ya barabara kuu, si letu, na koleo zetu haziwezi kulifikia. Hapo hakuna mchango, mfanyabiashara wala zamu. Ni kazi ya fedha za kodi. Bado limejaa mchanga hadi nusu. Nakala ya barua yetu ya tatu, yenye mhuri wa kupokelewa, nimeibandika ukurasa wa mwisho wa daftari, na masika yanakaribia.